Kiwanda Kikubwa kwa Siku Moja

Jumatatu, 6 Januari

Mvua. Tena mvua! Krupuk zangu, vipande vya unga na kamba wa baharini vya kukaanga, zimelala kwenye chanja za mianzi, laini kama masikio ya mbuzi. Nimechomeka kitunguu na pilipili kwenye njiti ya ufagio, nikaisimika uani mvua ihame, kama alivyofanya marehemu mama. Imezidi. Rukmini, mke wangu, anasema labda kitunguu kilikuwa kibovu.

Duka la Surabaya linataka krupuk za Lebaran, Idi yetu. Nisipoweza, watampa mwingine. Mwingine huyo ni jirani yangu, Bu Tutik. Afadhali nife!

Jumanne, 7 Januari

Nimeliona! Tanuri la kukaushia, kwa muuza mashine mjini Sidoarjo. Refu kuliko mlango, linang'aa, linavuma taratibu. Nje mvua inamwagika, ndani zinaingia krupuk mbichi na kutoka kavu, kavu kabisa! Nilishikwa na butwaa. Nilivua kofia, sijui kwa nini. Muuzaji akaniuliza kama naumwa.

Pesa sina. Jua likiwaka ninazo, lakini jua likiwaka tanuri la nini? Mvua ikinyesha ndipo nalihitaji, na mfukoni hamna hata ya petroli.

Alhamisi, 9 Januari

Benki. Afisa mikopo, Mas Prasetyo, ana adabu zake. Akataka dhamana. Hati ya kiwanja changu ina jina la babu, aliyezikwa kabla sijazaliwa. Akasema basi, atakuja Jumatatu aione biashara yenyewe.

Njiani nikaelewa. Benki humpa aliye nacho. Basi atanikuta ninacho!

Jumapili, 12 Januari

Nimemwendea Bu Tutik. Nikamwambia nina kazi ya haraka, naomba chanja zake zote na mashine yake ya kukatia, kwa siku moja tu. Huku kwetu jirani hamnyimi jirani. Akasema: "Chukua tu, Pak Darsono. Kwa mvua hii mimi nitaanika nini, nguo? Ila zisirudi zimevunjika kama ule mwavuli wangu." Mwanamke huyu hasahau.

Kikundi cha upatu cha Rukmini kina sare za zambarau. Nimewaomba waje wote, na sare zao.

Jumatatu, 13 Januari

Mungu mkubwa! Nilisimama getini nikatazama kiwanda changu mwenyewe. Chanja mpaka ukutani! Mashine mbili zinanguruma! Wanawake wa zambarau, safu nzima! Machozi yalinilengalenga. Sikujua kama mimi ni tajiri kiasi hiki.

Mas Prasetyo naye alipigwa na mshangao. Akauliza kama hao ndio wafanyakazi wote. Nikamjibu hao ni zamu ya asubuhi tu. Akauliza habari za jirani, maana naye ameomba mkopo. Ameomba! Kimyakimya! Nikasema ni mjane maskini wa Mungu, hana hata chanja ya kuanikia.

Hapo nilimmaliza.

Jumatano, 22 Januari

Jibu limekuja. Mkopo wa riba nafuu ni wa biashara ndogo. Yangu ni kubwa mno! Niende idara ya makampuni, na hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Rukmini alicheka mpaka akakaa chini.

Bu Tutik amepata. Hati yake ya kiwanja ni safi, na Mas Prasetyo alimkuta ameketi kwenye ua mtupu, kama nilivyosema. Akamwambia jirani yake amemsemea vizuri sana. Bu Tutik amekuja kunishukuru!

Jumamosi, 8 Februari

Tanuri limefika. Upande wa pili wa ukuta. Bu Tutik amefanya dua, akatuletea wali wa manjano na kuku. Mtamu, kwa bahati mbaya.

Nikaenda kulitazama. Mvua inanyesha, lenyewe linavuma. Nikavua kofia tena. Duka la Surabaya limempa yeye kazi, lakini peke yake haiwezi. Akasema: "Pak Darsono, acha kulia, utalilowesha. Wewe kata na uanike, zikigoma kukauka zilete kwangu. Tutagawana." Nikakubali. Nusu ya Lebaran ni yangu!

Jumapili, 9 Februari

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Kosa langu nilionekana mkubwa! Mas Prasetyo anarudi mwezi ujao kulikagua tanuri. Asubuhi hii nimempelekea Bu Tutik chanja zangu zote, mashine, hata viti, amtunzie jirani yake mpaka afisa apite. Rukmini ameuliza krupuk za Surabaya tutaanika wapi. Nimemwambia asiniharibie mipango.

Mvua imekatika. Jua limewaka ghafla, kali, safi, jua ambalo sijaliona tangu Novemba. Subhanallah! Nimeketi chini katikati ya ua, sina hata chanja moja.

Akinikuta hivi, ataninyimaje?