Bomba Lililopima Akili za Watu wa Muyinga

Wananchi watulivu, furahini! Ofisi ya Kurahisisha Vitu Vilivyo Rahisi, yenye makao yake Gitega, inatangaza kwamba taifa limepata bomba la maji linalojua linaongea na nani. Mimi Egidius, Katibu Msaidizi Mwandamizi, ndiye niliyebeba faili lake. Wivu hautakiwi.

Bomba tumelifunga Muyinga, mtaa wa watu waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania. Zamani palikuwa na koki. Mtoto aliizungusha, bibi aliizungusha, kipofu aliizungusha, na wote walipata maji. Aibu gani hii! Kifaa kimoja kuwachukulia watu wote sawa, bila kujali viwango vyao vya utaalamu! Tuliing'oa siku ya kwanza.

Bomba jipya lina jicho, lina sauti, na limeunganishwa kwa mtandao na meza yangu kule Gitega. Linakutazama, linakuelimisha, kisha linakupanga daraja. Komite ilikaa miezi minne ikijadili swali moja: tutajuaje kwamba mtu ameelewa? Mkurugenzi wetu, Bwana Leonardi, ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Sisi tumelelewa. Mkubwa akiongea, mwenye akili hunyamaza." Tukapiga makofi. Basi anayenyamaza sekunde kumi ni daraja la kwanza, anapata maji. Anayejibu ni daraja la tatu. Huyo, kwa waraka uliosainiwa na Mkurugenzi mwenyewe, atafanya kazi wiki nzima chini ya mtumiaji wa daraja la kwanza aliye karibu naye, mpaka aelimike.

Aliyetuharibia ni Kasilda. Mama huyu amekulia kambini Tanzania, karudi mwaka jana kupitia mpaka wa Kobero, kapewa kiwanja. Aliambiwa wazi: nyumba isiposimama kuta nne kufikia Ijumaa, kiwanja anapewa mwingine. Miti alishaisimika. Kilichobaki ni kukandika udongo, na udongo hautaki hotuba, unataka maji. Jumatatu asubuhi akasimama mbele ya bomba.

"Karibu," bomba likasema. "Maji ni kimiminika kisicho na rangi."

"Maji nayajua, jamani. Nipe."

"Kimiminika ni kitu ambacho..."

"We bomba, nina nyumba ya kukandika! Toa maji!"

Daraja la tatu. Mfereji ukafungwa.

Husni, fundi baiskeli mwenye kibanda pale pembeni, alicheka mpaka spana ikamdondoka. "Mama Kasilda, hii kitu iko na maneno mingi kuliko shemeji yangu. We acha bidoni hapo, wende ukachimbe udongo. Itachoka yenyewe."

Kasilda akafanya kama kambini, ambako bidoni, lile dumu la njano la maji, ndiyo inayosimama foleni na mwenyewe anaendelea na shughuli zake. Bidoni ikasikiliza somo lote la maji bila kukatiza. Ikajazwa mpaka shingoni. Kufikia mchana zilikuwa zimejipanga bidoni thelathini na nane za mtaa mzima, Husni akizisogeza kwa mguu.

Gitega tulishangilia. Ripoti ilionyesha watumiaji thelathini na wanane wa daraja la kwanza, wote wanono, wote wa njano. Mimi niliogopa homa ya manjano, lakini Mkurugenzi akanihakikishia kwamba ni afya. Alhamisi tukafunga safari kwenda kuwapa vyeti, na kumchukua yule mmoja wa daraja la tatu.

"Wiki nzima?" Kasilda alipiga kelele, machozi yakimlenga. "Ijumaa ni kesho! Umebaki ukuta mmoja! Mnanibomolea nyumba ambayo sijaimaliza?"

"Sheria ni sheria, Madame," nikamwambia kwa upole wa kiofisi.

Sasa, Mkurugenzi alikuwa amekula mishikaki njiani, na hakuihurumia pilipili. Akaliendea bomba akikohoa, macho mekundu.

"Maji!"

"Maji ni kimiminika..."

"Najua! Lete! Mimi ndiye Mkurugenzi!"

Daraja la tatu. Nikakimbilia mbele. "Samahani, bomba, huyu ni mheshimiwa..." Daraja la tatu na mimi.

Kasilda akammiminia kikombe kutoka kwenye bidoni yake. Mkurugenzi akanywa, akapumua. Kisha yule mama akautoa waraka kwenye faili langu, akausoma taratibu, akatazama huku na huku.

"Daraja la kwanza aliye karibu," akasema, "ni hii bidoni. Mimi niko chini yake tangu Jumatatu. Karibuni kazini."

"Lakini bidoni haisemi!" Mkurugenzi akapinga.

"Mi naisikia vizuri sana," Husni akasema. "Inasema muvue viatu."

Ijumaa saa nne mkaguzi wa viwanja alikuta kuta nne. Mmoja una vibonge kama uji mbaya. Huo ni wa Mkurugenzi. Kasilda alimsainisha mkaguzi, akakaa kizingitini kwake, akacheka na kulia kwa pamoja.

Ripoti hii naiandika nikiwa ndani ya udongo hadi magotini, maana wiki bado haijaisha na sasa tunakandika jikoni. Nimeomba ruhusa ya kurudi Gitega. Bidoni bado haijanijibu.