Mnyoo Mwenye Milango Mitano

Jumatatu, 4 Machi
Kwako Shajara Mheshimiwa, salamu na heshima zitangulie. Dhumuni la maandishi haya ni kukujulisha kuwa nafasi ya Msimamizi wa Chumba cha Minyoo itajazwa Ijumaa. Mimi, mwosha vyombo vya maabara kwa miaka kumi na mmoja, ninaistahili. Mpinzani ni mmoja: Bi Rojo, apikaye rojo wanamolelewa minyoo wa utafiti. Barua yake ya maombi ina mistari miwili. Miwili!

Leo Daktari aliwaeleza wanafunzi kwamba ndani ya mnyoo zimo protini wasaidizi. Zenyewe hazishiki jeni. Huegemea protini nyingine iishikayo jeni, zikaamua jeni hiyo inakiliwe au inyamaze. Zikikosekana, mnyoo huweza kukua vibaya. Nilisimama na ndoo yangu, machozi yakinilenga. Ni mimi huyo!

Jumanne, 5 Machi
Leo sikwenda kazini, makusudi, ili pengo langu lionekane. Mke wangu ameuliza kama nimefukuzwa. Nimemjibu kuwa mimi ni jaribio. Amesema hilo analijua tangu siku ya harusi.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Hakuna aliyetambua. Bi Rojo aliosha vyombo vyangu vyote, tena vikang'aa. Ameniuliza, bila hata haya, "Kwani jana hukuwepo, kaka?"

Nilimwendea Daktari kwa lugha ya staha. Akacheka. Akasema mnyoo akipoteza msaidizi mmoja huweza kukua salama, maana mwingine huziba pengo. Wakipotea wawili kwa pamoja, ndipo huibuka na milango mitano ya kutagia badala ya mmoja.

Wawili! Hapo hapo nikamwarifu Bi Rojo kwamba kesho maabara imefungwa, inapigwa dawa ya mende. Akanishukuru. Akaniita kaka mwenye utu.

Alhamisi, 7 Machi
Sote wawili hatupo. Nimevaa suti, nangoja mwito. Kimya. Adhuhuri nimechungulia dirishani pa maabara kushuhudia maangamizi.

Bi Rojo yumo ndani! Barakoa usoni, pampu ya dawa mgongoni. Nikamsikia akimweleza Daktari kwamba alikuja kuwasaidia wapiga dawa. Hakuwakuta, akakuta minyoo wana njaa, akawalisha.

Ijumaa, 8 Machi
Nafasi amepewa Bi Rojo. Daktari amesema mbele ya wote kwamba huyu mama hata akipewa likizo anakuja. Mimi nimepewa onyo la maandishi, kwa utoro na kwa kuzua mende. Lilikuwa na makosa matatu ya uakifishaji. Nimelisahihisha, nikalirudisha.

Bi Rojo amenipiga begani. "Pole, kaka yangu. Jumatatu wahi, sahani zimelundikana."

Kosa langu sasa li wazi. Si la nadharia, ni la idadi. Wawili hawatoshi! Sharti tukosekane watatu: mimi, Bi Rojo, na Daktari mwenyewe.

Kwa heshima na taadhima, naomba uamuzi wako: Daktari nimwambie maabara imefungwa Jumatatu, au Jumanne?