Mkono Upewe Nishani, Mtu Abaki Mlangoni

Üsküdar, Istanbul
Jumanne, baada ya chai ya pili

Kwa Sedat Bey,
Mwenyekiti wa Chama cha Waandishi wa Hati Njema

Yah: Utaratibu wa kuutenganisha mkono wa Mwalimu Rifki na Mwalimu Rifki mwenyewe

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote zinazokistahili kiti chako, na nikibakiwa na nyingine nitakuletea. Barua yako ilinifikia Jumapili kupitia kwa Katibu wako, Cavit Bey, pamoja na boksi la lokumu za pistachio. Lokumu tumezila. Barua bado imenikwama kooni.

Umeniomba mambo mawili. La kwanza, mimi Müberra, mwanafunzi mkongwe kuliko wote wa Mwalimu Rifki, nitie sahihi karatasi inayosema kwamba mwalimu wetu ni mtu mpole na hajawahi kumwinulia mwanafunzi mkono. La pili, nimwite Nurhayat, mwanafunzi wake wa mwisho, nimbembeleze afute malalamiko yake kwa mwendesha mashtaka kabla ya maonyesho ya Ijumaa ijayo, ambapo Mwalimu atavishwa nishani kwa miaka hamsini ya kalamu. Na kwa kuwa unajua mimi ni mbishi, ukaniwekea na hoja kabisa: "Chama kinauenzi mkono, hakimuenzi mtu. Watu wazima hutenganisha."

Hoja hiyo nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza ili niielewe, ya pili kwa kuwa ilinichekesha, na ya tatu kwa sauti, maana mkwe wangu Şule alidhani naitunga. Nimeikubali. Mimi ni mtu mzima, nitatenganisha. Ninachoomba ni utaratibu tu, kwani jambo lisilo na utaratibu huishia kuwa vurugu, na kuna vipengele vinanitatiza.

1. Nishani. Kwa desturi nishani hutundikwa kifuani. Kifua cha Mwalimu Rifki, kwa miaka yote niliyomjua, hakijaandika hata nukta moja. Kazi yake imekuwa kukohoa. Kukivisha nishani ni upendeleo wa wazi. Naomba ifungwe kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na mkono huo uwekewe mto wa mahameli kwenye kiti cha mbele. Mtu mwenyewe, ambaye Chama hakimuenzi, abaki mlangoni pamoja na viatu. Natambua ugumu wa mkono kuingia ukumbini na mwenyewe kubaki nje, lakini hilo naiachia kamati ya mapambo. Mlango unaweza kuachwa wazi kidogo.

2. Karamu. Nimeona kwenye ratiba kwamba baada ya nishani kutakuwa na mwanakondoo, dolma na baklava. Mkono hauna tumbo. Sahani ya Mwalimu naomba wapewe paka wa mtaa wake, ambao amewatupia viatu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakusema mkono wenye nishani unalishwa.

3. Mahakama. Hapa ndipo nilipokwama, Mheshimiwa. Nilidhani mambo ni mepesi: mkono uende kwenye maonyesho, mtu aende mahakamani, na jioni wakutane nyumbani waulizane habari za kutwa. Kumbe sivyo.

Kwa mujibu wa malalamiko, siku ile Nurhayat alipeleka somo la kwanza, lile ambalo kila mmoja wetu alianza nalo: "Mola, fanya wepesi, usifanye uzito." Tundu la herufi wau lilikuwa pana kuliko inavyotakiwa. Mwalimu akaweka kalamu chini akamchapa kofi la sikio la kushoto. Daktari ameandika kwamba ngoma ya sikio imepasuka na kwamba kusikia hakutarudi kote. Msichana ana miaka ishirini na miwili, na alikuwa ameandika dua ya kuomba wepesi.

Sasa kofi hupigwa kwa kitu gani? Kwa mkono. Tena wa kulia. Maana yake mkosaji ni yule yule mnayemwekea mto wa mahameli, na huyo mnayemwacha mlangoni hana hatia hata ya kukanyaga sisimizi. Tumemwonea bure, mzee wa watu. Je, tuugeuze utaratibu, mkono uende jela na mtu aje kwenye karamu? Lakini aje kwa sifa ipi? Mtaani anajulikana kwa kutoitikia salamu.

Nimelifikiria hili huku nikikata vitunguu, nikaona njia moja tu. Kalamu hushikwa kwa vidole vitatu, na kofi hupigwa kwa kiganja. Basi tuvitenganishe na hivyo. Chanda chema huvikwa pete. Vidole vitatu vipewe nishani ndogondogo, na kiganja kijibu mashtaka. Cavit Bey apime mpaka kwa nukta za kalamu, kama tunavyopima herufi: nukta saba kutoka nchani ni za Chama, zinazobaki ni za serikali. Kidole gumba kinanipa shida kwa sababu kimeshiriki pande zote mbili. Napendekeza kiwe shahidi.

4. Mafundi wengine. Kanuni nzuri haifai kufungiwa ndani ya Chama peke yake. Hikmet, mwoka mikate wa kona yetu, hutoa simit ambazo watu wanavuka maji kuzifuata. Siku akimpiga mteja kwa koleo la tanuri, naomba polisi waonje simit kwanza ndipo waandike maelezo. Kwa upande mwingine, marehemu mume wangu alikuwa fundi bomba. Miaka thelathini na minane hakuniinulia hata sauti, ila mabomba yake yote yalivuja. Kwa kanuni yako yule alistahili kifungo, na mimi nimemzika kwa heshima bila kujua.

Sisi wenyewe wa kalamu pia tupangiwe viwango, tusije tukapita kiasi. Aliyeandika kuba la msikiti aruhusiwe sikio moja. Mwenye fremu za sebuleni aishie kufinya. Anayeandika kadi za harusi atukane tu, tena kwa sauti ya chini. Mimi nina misikiti miwili na chemchemi moja. Nahisi kiwango changu ni kuvunja kidole cha mtu, lakini si vizuri kujikadiria mwenyewe. Naomba jibu la maandishi kabla Cavit Bey hajanitembelea tena.

5. Sikio. Ikiwa kiungo kimoja kimealikwa, haki inataka na kile kilichopigwa kialikwe. Sikio la kushoto la Nurhayat lipewe kiti safu ya mbele, karibu na jukwaa. Halitaisikia hotuba yako, na sidhani kama litalalamika.

Nurhayat alinijia jana. Nilimwekea kiti upande wangu wa kulia, kama mgeni yeyote, akasimama kwanza, akakizungusha, akakaa upande wa pili ili anisikie. Sikuwa nimefikiria. Nikafanya ulichoniomba, nikamuuliza kama angekubali kuyafuta malalamiko. Akaniambia, "Shangazi, mimi sitaki afungwe. Mzee kama yule, jela atafanya nini? Nataka aseme alinipiga. Aseme mbele ya watu, basi." Nikamuuliza kama Mwalimu amemtumia neno lolote tangu siku ile. "Alinitumia," akasema. "Kwamba wau yangu ilimtia kichefuchefu." Nurhayat kalamu hajaishika tena. Anasema adhana ya msikiti wa mtaani kwao anaisikia kama inatoka mtaa wa watu wengine.

Nimekasirika, Mheshimiwa. Nalisema hili wazi, kwa kuwa adabu imenizidi na naogopa usije ukadhani nafanya mzaha mtupu.

6. Ijaza. Cavit Bey alipofika lokumu ya nne, alinisogelea kwa upole. "Dada Müberra, wanafunzi wako watano wanangoja ijaza, si ndiyo? Mhuri uko kwenye droo ya Mwenyekiti. Na droo ile, wallahi, kuna siku hukwama." Nikamwambia droo ikikwama hupakwa sabuni. Akacheka, akapangusa unga wa sukari kwenye masharubu, akasema, "Dada yangu, wewe hukui tu."

Nimekua, na vitisho navijua hata vikija na pistachio. Wanafunzi hao wameinamia karatasi kwa miaka. Mmoja ni mama wa watoto watatu, anaandika watoto wakiwa shuleni. Bila ijaza hawawezi kuweka majina yao chini ya kazi zao wenyewe, hiyo ndiyo desturi yetu, na mimi ndiye niliyewafundisha kuiheshimu. Leo nisipotia sahihi, hao ndio watakaolipa.

Tena kuna ijaza yangu mwenyewe. Iko ukutani, juu ya kochi, kwa mwandiko wa Mwalimu Rifki: kwamba amenipa ruhusa, na kwamba yeye alipewa na mwalimu wake, na huyo na wake, hadi majina yanapoishia pembeni mwa dhahabu. Şule ameshaniambia, "Mama, ishushe hiyo. Unakaaje chini ya jina la mtu huyo, unakunywa chai?" Nikapanda kigoda. Nikaishika fremu pande zote mbili. Nikashuka bila fremu.

Haukuwa woga. Tumbo la herufi nuni yangu ni tumbo la nuni yake. Hata orodha ya sokoni, bilingani, nyanya, jibini, ambayo naiandika kwa herufi za Kilatini kama watu wote wa mji huu, mikia yake inapinda anavyoipinda yeye. Alinifundisha miaka tisa na hakunitoza hata kikombe cha chai. Nikikitoa kilicho chake mkononi mwangu, sijui nitabaki naandika nini. Nampenda mwalimu wangu na namchukia, yote mawili kwa siku moja, wakati mwingine kwa herufi moja. Chama kinachojua kutenganisha kwa sentensi mbili fupi namna ile, kinisaidie na hili.

Kwa sababu hizo sita, Mheshimiwa Mwenyekiti, siwezi kuitia sahihi karatasi yako hadi nijulishwe rasmi namtolea ushahidi nani hasa: ni vidole, ni kiganja, ama ni kile kifua kinachokohoa. Nurhayat naye sitambembeleza tena. Nilimbembeleza mara moja, kwa heshima yako, na nikaona haya hadi jioni.

Msalimie mkeo, na wajumbe wote wa kamati, waliopiga kura na waliokuwa wakiangalia saa. Msalimie Cavit Bey, na umwambie boksi lake tunawekea vifungo vya nguo. Ukiisalimu droo nayo haitakuwa vibaya. Şule anawasalimu pia, lakini amenikataza nisiandike kwa maneno gani.

Ni mimi mtiifu, kadiri ninavyoweza,

Müberra Sezgin

Tanbihi. Nimeisoma barua hii tokea juu na imenifurahisha, jambo ambalo si dalili njema. Nimeandika "kwa mujibu wa malalamiko" kana kwamba nilisimuliwa. Sikusimuliwa. Nilikuwa chumbani siku ile, nimekaa kushoto kwa Mwalimu, namshikia karatasi ya lile bango mlilolichapisha kwenye kadi za mwaliko, kazi yake ya miezi minne. Alipompiga Nurhayat, kiwiko chake kilikiangusha kidau cha wino. Mbele yangu kulikuwa na mambo mawili: msichana yuko chini kwenye zulia kashika sikio, na wino unaikimbilia karatasi. Niliinyanyua karatasi. Nikaipeleka dirishani, nikaikagua pembe zote nne, haikuwa na tone hata moja. Nyuma yangu Nurhayat alikuwa analia, nami nikamwambia, "Nyamaza kidogo, binti, bado haijakauka." Kwa hiyo Chama kisijivunie ugunduzi, wa kwanza kutenganisha ni mimi, na nilitenganisha kwa haraka kuliko ninyi. Jana aliponijia hakunikumbusha, na mimi nilimmiminia chai. Haya yote nimeyaandika na kuyapeleka kwa mwendesha mashtaka leo asubuhi, na ile sahihi yangu mnayoihitaji iko chini yake.