Ombi la Kutambuliwa Kuwa Mtu Asiyekwenda Popote

Kwa Baba Msimamizi,
Hifadhi ya Korongo la Litšoene,
Geti la Juu.

Baba Msimamizi mheshimiwa,

Khotso. Amani iwe kwako, kwa mkeo, na kwa yule farasi wako mweupe ambaye tunamwona akipita amenona kuliko diwani.

Mimi ni mkazi wa Ha Phafoli, kijiji kilicho ukingoni mwa korongo lako. Nasema lako kwa kuwa kibao kinasema hivyo. Kabla ya kibao lilikuwa njia tu, na sisi tulilipita kwenda harusini na misibani bila kujua kwamba tunaona mandhari. Binti yangu Nthofeela ameolewa Ha Sekoti, ng'ambo ya pili, na ana mimba ya kwanza. Kama ulinyonyeshwa na Msotho, unajua mtoto wa kwanza huzaliwa wapi: nyumbani kwa mama wa binti. Nilikuwa nakwenda kumchukua, na mlinzi wako akanirudisha getini. Kwa hiyo naandika, kwa heshima yote niliyobaki nayo, ambayo usiimalize. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mlinzi wako ni Tlali, mtoto wa jirani yangu, ambaye nimemfuta kamasi kwa blanketi hili hili ninalolivaa. Siku hizi ana kofia pana. Akaniuliza, "Mama Khauta, unaenda wapi?" Nikamjibu kama mtu aliyelelewa: "Ha Sekoti, kumchukua Nthofeela." Akatikisa kichwa. "Basi huwezi kupita, mama. Hapa ni burudani tu. Mwenye safari yake apite barabara kuu." Barabara kuu, Baba, inazunguka mlima mzima hadi mjini, halafu unasubiri lori la sufu likurudishe upande wa pili, kama dereva hajalewa. Nyuma yangu walisimama vijana wenye mashanta makubwa. Nao wakaulizwa. Mmoja akacheka akasema, "Hatuendi popote, tunatembea tu." Wakafunguliwa geti na kutakiwa siku njema! Huku kwetu ukimkuta mtu njiani, ukamuuliza anatoka wapi na anaenda wapi, akakwambia haendi popote, unarudi haraka nyumbani kuhesabu kuku.

2. Hao watembezi wenyewe. Kila mmoja ana fimbo mbili na hana hata ng'ombe mmoja. Wana nyumba zao, tena za matofali, lakini wamebeba nyingine ya kitambaa mgongoni. Moroho imejaa kando ya njia, mboga ya bure, wao wanaipiga picha, kisha wanakaa chini kula unga wa pakiti uliomwagiwa maji ya moto. Wanashuka asubuhi nzima hadi mtoni, wanayatazama maji, wanasema "Aaa!", wanapanda tena mikono mitupu. Mama yangu akinituma maji nikarudi bila maji, nilirudishwa na kofi. Nilimuuliza mmoja wao, kwa upole kabisa, "Mwanangu, umepoteza nini huko chini?" Akasema, "Mama, nimekuja kujitafuta." Nikamshauri aanzie pale alipojiacha mara ya mwisho. Alinishukuru sana na akaandika.

3. Nyani. Hawa wana safari, Baba, na kila mtu anaijua: wanakwenda kwenye mahindi yangu. Wanapita chini ya geti lako asubuhi na kurudi jioni mashavu yamevimba. Nilimuuliza Tlali kwa nini hawaulizi. Akasema, "Nyani ni wa hifadhi, mama, wako kwao." Kumbe. Nyani yuko kwao, na mimi ambaye bibi yangu amezikwa akilitazama korongo hilo ni mpita njia.

4. Isidhaniwe kwamba mimi ni mkaidi. Nilijaribu kutii. Nilirudi kesho yake na gunia mgongoni na fimbo mbili, moja ya mume wangu na moja ya mfagio, nikamwambia Tlali, "Natembea tu." Akanitazama, akaitazama sufuria niliyoifunga juu ya gunia, akamtazama kuku aliyetoa kichwa guniani. "Mama Khauta," akasema, "uso wako unaenda mahali." Tangu siku hiyo nafanya mazoezi. Kila asubuhi nalizunguka zizi bila sababu yoyote, nasimama, natazama mlima, nasema "Aaa!" Majirani wamewaita akina mama wa kanisa wakaja kuniombea na blauzi zao nyekundu, wakaimba hadi chai ikaisha.

5. Mahema. Yamesimikwa kwenye ile tambarare karibu na mto, tulipokuwa tukiwapumzisha punda. Watu wazima, wenye afya, hawajafukuzwa na wake zao, wanalala juu ya mawe kwa hiari. Wakiamka wanaulizana wamelalaje, na wote wamelala vibaya, na wote wanafurahi. Mimi sina neno la kuliita jambo hilo ila upuuzi, na naomba radhi kwa kulitumia katika barua ya heshima.

Kwa sababu hizo naomba moja kati ya haya. Ama ofisi yako initambue rasmi kuwa mtu asiyekwenda popote, na Tlali aambiwe asinitazame usoni. Ama Ha Sekoti ihamishiwe upande huu, kazi ambayo kwa watu waliohamisha njia haiwezi kuwa ngumu. Ama, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, watembezi wote wafukuzwe na mahema yao yang'olewe, kwa kuwa tangu dunia iumbwe hakuna jema lililotoka kwa mtu anayetembea bure.

Baba, nimekuwa nikikudhihaki, lakini sikia hili. Miezi ya Nthofeela imetimia. Dada yangu alifia kwenye mimba yake ya kwanza, kwa wakwe, na mama yetu alifika wakati wa kuchimba kaburi. Silali. Nataka mkono wangu uwe mgongoni mwa mwanangu siku hiyo, na kati ya mkono wangu na mgongo wake kuna kofia ya Tlali.

Msalimie mama watoto, wasalimie makarani wote wa ofisi, na wale nyani wakubwa kwa wadogo. Mwambie Tlali mama yake anaitaka ndoo yake.

Ni mimi mwenye kukuheshimu kadiri inavyowezekana,

'Makhauta Phafoli,
yaani Mama Khauta, Ha Phafoli.

N.B. Barua ilikuwa bado mezani Nthofeela aliposhindwa kungoja. Aliingia kwa Geti la Chini, la upande wa Ha Sekoti, na tumbo lake lile, akamwambia mlinzi anatembea tu, akapita. Uchungu ulimshika kwenye tambarare. Watembezi watatu walimwingiza hemani, na mmoja wao akapanda mlima wote kunifuata, akafika kwangu hawezi hata kusema, ananyoosha kidole tu. Tlali alifungua geti bila swali. Nilifika, Baba. Mkono wangu ulikuwa mgongoni mwa mwanangu, maji yalichemka kwenye lile jiko lao dogo la gesi, na mtoto wa kike alizaliwa juu ya lile godoro lao la kupuliza, ambalo kusema kweli ni laini. Wale vijana walilia kuliko mtoto. Kwa hiyo mahema yasing'olewe, hasa lile la kijani, na watembezi waachwe watembee. Wakwe walikuwa na jina lao tayari, lakini anaitwa Tenteng, yaani Hemani. Ombi la kutambuliwa pia naliondoa, halina kazi tena. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti, na huyu amezaliwa korongoni, na hakuna Msotho atakayeniambia mila imekosea. Basi siku ukitaka kushuka huko chini, Baba Msimamizi, karibu sana, ila piga hodi.