Kicheko cha Marehemu Fausto

Jumanne aliyozikwa Fausto Yagual, soko la video nyuma ya kituo cha mabasi cha jiji la Guayaquil lilinyamaza kwa mara ya kwanza tangu lijengwe. Watu walitazama jeneza. Olmedo Quimí, mwenye duka la jirani, alitazama rafu za diski za marehemu.

Fausto alikuwa akiingia sinema na kamera kwenye koti, akirekodi vichekesho vya mapenzi na kuviuza sokoni. Tatizo lake lilikuwa moja: alicheka. Tena kwa kuwa kila filamu aliitazama kwanza bila kamera, alicheka kabla ya kichekesho chenyewe. Hata zile tamthilia za familia alizorekodi kwenye televisheni, zenye kicheko chao cha kubandikwa, yeye alikitangulia. Wateja walizirudisha diski zake kwa matusi, naye akasema amezitupa.

Siku ya tisa ya sala za kumwombea marehemu, mjane wake, Mama Zoila, alisimama na birika la kahawa mkononi.

"Picha zake ninazo," alisema. "Sauti sina. Atakayeniletea diski moja yenye kicheko cha Fausto, nampa tatu za asili, za kiwandani, zikiwa bado ndani ya nailoni."

Wengine waliguna kwa huruma. Olmedo, mtu aliyeweza kumkodishia chura dimbwi lake mwenyewe, aliomba kahawa ya pili ili apate kufikiri. Diski za asili! Wasafiri wangezigombania.

Kwa siku mbili alijifungia chumbani na filamu safi ya harusi na kipaza sauti, akirekodi juu yake kicheko cha kumwiga Fausto. Mwenye nyumba aligonga mlango.

"Olmedo, unaumwa?"

"Nipo kazini, mama!"

"Kazi gani ya kucheka peke yako? Nikuitie padre?"

Alipeleka nakala kumi. Sasa, katika soko lile hakuna apokeaye diski bila kuijaribu, hata ikiletwa na mama yake mzazi. Zoila alitia moja kwenye mashine. Bibi harusi akapanda ngazi, akateleza, akaangukia keki. Kicheko kikalipuka. Zoila akaizima mashine.

"Ndiye," alisema.

"Mungu amlaze pema," alijibu Olmedo, akifuta jicho kavu.

Zoila akamhesabia diski thelathini. "Hujaribu?"

"Nikichana nailoni nani atanunua, mama? Tena wewe nakuamini."

"Amini, mwanangu. Amini."

Kwenye kituo cha mabasi, mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja wa kike aendaye Manta, mtu wa miraba minne, aliyekataa kutoa hata senti kabla ya kujaribu. Nailoni ikachanwa, mashine ya muuza juisi ikaazimwa. Kwenye kioo vikatokea visogo vya watazamaji. Mtu akapita na bisi. Kisha, kabla yeyote hajasema neno la kuchekesha, kikasikika kicheko kama punda anayeshuka ngazi kinyumenyume.

"Hii ndiyo asili?" aliuliza mwalimu, na mkoba wake ukatoa jibu mara tatu.

Olmedo aliketi kwenye ukingo wa barabara. Kutapeliwa na mtu aliye hai ni ajali ya kazi. Kutapeliwa na maiti ni aibu ya ukoo. Lakini alipokwisha kujipapasa nundu, aliona mwanga: alichokuwa nacho ndicho hasa mjane alichokitaka. Akarudi sokoni mbio.

"Umepigwa?" aliuliza Zoila.

"Kwa mkoba. Ulijua, mama?"

"Kicheko chako kilikuja baada ya bibi harusi kuanguka. Fausto wangu angecheka bibi harusi akiwa bado kwenye ngazi. Na nailoni ile aliibana kwa mashine yangu ya kukaushia nywele, awauzie wajinga. Nilijua ni bandia. Ndani sikuwahi kuangalia."

"Basi angalia," alisema Olmedo. "Ila kina bei."

"Tujaribu kwanza."

Punda akashuka ngazi. Zoila alishika pembe ya televisheni kwa mikono miwili kana kwamba ingeanguka.

"Mjinga wewe," aliiambia. "Si usubiri basi! Hajasema kitu bado!" Naye akacheka, mabega yakimtikisika, machozi yakidondokea kwenye vitufe.

Olmedo alikuwa na dola mia tano tayari ulimini. Hazikutoka, hazikushuka.

"Bei gani?" aliuliza Zoila bila kugeuka.

"Chakula cha mchana," Olmedo alijisikia akisema, na akajichukia hapo hapo.

"Kwa zote?"

"Kwa kila moja! Mimi si mwendawazimu."

Wakapatana: diski moja kila Jumamosi, kwa bakuli la supu ya samaki na mhogo, vitunguu vingi. Siku hizi duka la Olmedo hufunguliwa saa tatu asubuhi, isipokuwa Jumamosi, saa nane mchana.