Stempu Ishirini za Baba

Jumatatu, 1 Julai 2002

Baridi kali. Mlima Meru haujaonekana tangu Ijumaa. Sokoni Kilombero watu wanataka masweta tu, na mimi nimefungua belo la mashati ya mikono mifupi. Ndiyo bahati yangu.

Lakini leo kuna jambo! Dada Zamda kaniita kwake Lemara. Nikamwamkia, akanikalisha, akatoa albamu ya stempu ya marehemu Baba. Miaka thelathini Baba alikuwa karani wa posta Ngaramtoni, na miaka yote hiyo sikuruhusiwa kuigusa. Alisema mikono yangu ina haraka. Mikono! Nilikuwa na miaka saba.

Dada anasema macho yamechoka. Anataka albamu ipate mtu wa kuitunza, na zile zinazouzika aziuze kwa wakusanyaji wa Ulaya kupitia intaneti. Ama mimi, ama Saadi, mtoto wa baba mdogo, ambaye anauza za kwake huko tangu mwaka jana. Kila mmoja kapewa stempu ishirini za majaribio. Sharti: uiangalie kila moja vizuri, kisha uandike hali yake kama ilivyo. Atakayemridhisha, albamu ni yake.

Mimi mtoto wa kuzaliwa, nishindanishwe na binamu! Sawa. Naitaka albamu hiyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nataka niishike, basi, na mtu asiniambie niweke chini.

Jumanne, 2 Julai

Intaneti kafe. Tabea, binti anayeiendesha, ndiye anayenisomea Kiingereza na kunichapia. Kumbe huko mali huuzwa kwa mnada, na kabla ya kuuza lazima uchague hali yake. Kuna orodha: haijatumika, bora kabisa; imetumika, nzuri; imetumika, wastani; ina kasoro. Nikamwambia zote ishirini aweke ya kwanza.

Tabea akasema lakini zina mihuri ya posta, maana yake zimeshatumika. Akainua ya juu, ya kahawia, aanze kunisomea muhuri wake. Nikamkatiza, nikampa somo la biashara. Tangu enzi ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nauza mitumba, na sijawahi kusikia mtu sokoni akinadi "wastani! wastani!" Kila shati ni gredi wani. Mteja naye wala hasikilizi. Anageuza kola, anavuta mshono, ananusa kwapa, ndipo tunaanza kuongea. Gredi wani ni salamu tu. Mgonjwa hoi kitandani ukimuuliza habari, si anajibu nzuri?

Tabea akachapa. Midomo kaibana, lakini kachapa.

Ijumaa, 5 Julai

Hakuna aliyeweka dau hata moja. Barua pepe tatu, zote maswali. Mzee mmoja wa Denmark anauliza imekuwaje stempu isiyotumika ikawa na muhuri, na anaomba nirekebishe maelezo. Kauliza kwa adabu, na ndiyo inayouma.

Nikamwomba Tabea anifungulie za Saadi nichungulie. Lahaula! Kaandika "kona imekunjika." Kaandika "meno mawili ya ukingo yamepungua juu kushoto." Nyingine ati "ina doa la kutu." Anaanika aibu za marehemu mbele ya Wazungu! Na kumi na moja zimeshapata wateja. Ile kibogoyo inagombewa na watu watano. Kibogoyo!

Nikamkuta Saadi kwa muuza kahawa. Nikamuuliza dawa yake kaitoa wapi, maana Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yeye kibaya chake kinakimbia. Hakucheka. Akaniambia taratibu kwamba huku hakuna mtu wa kugeuza kola. Mteja yuko mbali, hana mkono, na maneno yangu ndiyo mkono wake. Nikimdanganya nimemkata mkono.

Nimerudi nyumbani nawaza. Nimewaza sana, hata chai imepoa. Nachukia kukiri, lakini Saadi ana hoja. Maandishi na mali lazima vifanane. Nimekubali kwa moyo mweupe. Ila vitu viwili vikiwa havifanani, kimoja lazima kibadilike, na maandishi yameshachapwa.

Jumamosi, 6 Julai

Sikwenda sokoni. Shati la mtumba nalitoaje madoa? Naliloweka, nalisugua, nalipiga pasi. Doa likitoka si kasoro tena, na hakuna aliyedanganywa. Basi bakuli, maji ya uvuguvugu, dawa ya madoa kidogo, na mswaki laini. Muhuri wa kwanza uligoma. Nikaongeza dawa. Ukaanza kuyeyuka taratibu kama chai kwenye maji. Nikapiga makofi peke yangu chumbani!

Zote ishirini zimetakata. Rangi zimepauka kidogo, sikatai. Nimezipiga pasi ya mkaa kati ya kurasa za gazeti, na moja imenakili matokeo ya mpira mgongoni. Kwa kuwa stempu mpya huwa na gundi, nimezipaka uji mwepesi wa ngano kwa nyuma. Mende amekuja kuonja. Gundi ni nzuri.

Nikiwa nasugua nilimkumbuka Baba pale dirishani kwake, anagonga wino, anagonga barua, wino, barua, kutwa nzima. Na mimi hapa naondoa. Nikahisi kitu kifuani. Nikajiambia ni baridi.

Jumanne, 9 Julai

Tumepiga picha upya kwenye skana. Tabea akazitazama kwa muda, akasema zimekuwa safi. Nikaanza kupanga moyoni albamu nitaiweka wapi: juu ya kabati, mbali na uji.

Alasiri ikaja barua ya yule mzee wa Denmark. Anasema stempu kama zangu, zisizo na muhuri, zipo maelfu, hata mtoto anaweza kuzinunua. Kilichomvuta ni picha ya kwanza, ile stempu ya kahawia: mviringo mzima wa muhuri, Ngaramtoni inasomeka herufi kwa herufi. Posta ndogo vile, hajawahi kuiona. Alikuwa anasubiri tu nirekebishe maelezo aweke dau. Sasa anauliza iko wapi.

Kumbe doa ndilo mali! Jamani! Nani aliwahi kununua shati kwa sababu ya doa? Tabea akaniletea maji ya kunywa.

Jumatano, 10 Julai

Nimekwenda Lemara mwenyewe. Nilipanga kusema mvua imeingia ndani. Njiani nikaona hapana, nitasema kweli nusu.

Dada hakuuliza habari za mauzo. Aliomba ile ya kahawia, iliyokuwa juu ya zote aliponikabidhi. Nikampa. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena. Akauliza tarehe iko wapi. Nikauliza tarehe gani.

Ndipo akanieleza. Kila alipozaliwa mtoto, Baba alikwenda kazini siku hiyohiyo, akachukua stempu mpya, akaigonga muhuri wa siku ile kwa mkono wake, akaiweka kwenye albamu. Ya Dada ipo ukurasa wa kwanza. Ile ya kahawia ilikuwa yangu. Ngaramtoni, 14 Machi 1963. Dada aliiweka juu ya zile ishirini makusudi, wala hakukusudia iuzwe. Alijua nikiiangalia tu nitarudi mbio nimeishika mkononi, na siku hiyohiyo angenipa albamu, Saadi angeambiwa baadaye.

Nilikaa nayo siku tisa. Nimeilowesha, nimeisugua, nimeipiga pasi, na sikuisoma! Albamu aliyoninyima Baba, kumbe mimi mwenyewe nilikuwa ndani yake.

Nimelia. Nimelia mbele ya dada yangu, mtu mzima na ndevu zangu, wala sioni haya kuyaandika. Dada hakunigombeza. Angegomba ningepata pa kujishikia. Kaniwekea chai, akanirudishia ile ya kahawia, kisha akaifunga albamu kwenye khanga, akasema kesho Saadi ataifuata.

Ijumaa, 12 Julai

Saadi kapita kunipa pole. Anasema albamu iko kwake, lakini niende siku yoyote kuitazama, hana neno. Hata kunicheka hakunicheka, yule mtu hana utu kabisa.

Majuto ni mjukuu, lakini nimejifunza, na naandika hapa nisisahau: roho ya stempu ni muhuri. Basi leo nimekwenda karibu na stendi kwa fundi anayechonga mihuri ya maofisi na mashule. Nikamchorea mviringo, Ngaramtoni juu, tarehe katikati. Akauliza kama mimi ni posta. Nikasema mimi ni mtoto wa posta. Akaridhika.

Muhuri umetoka vizuri mno! Nimeugonga juu ya ile ya kahawia, mviringo mzima, hata herufi moja haikutoroka. Jumapili nampelekea Dada. Atafurahi, na huenda akamwambia Saadi arudishe albamu. Mtu asiniambie ni uongo. Mahali ni palepale, siku ni ileile. Kwani sikuzaliwa?

Fundi anasema mpira wa muhuri ule unaweza kugonga mara elfu bila kuchakaa. Hapa mezani zimebaki kumi na tisa, tupu, hazina muhuri, na mzee wa Denmark bado anangoja jibu. Kesho asubuhi, Mungu akipenda, nazaliwa mara kumi na tisa zaidi.