Kamba za Chama, Mlingotini

Jumatatu, 7 Juni 1954

Balaa! Nimekwenda kununua kamba za makumbi kama kawaida, wanawake wamenikatalia. Wote! Sihaba, msemaji wao, kaniambia ati Bwana Mwinjuma utuwie radhi, tumeunda chama, kamba tutampelekea wenyewe tajiri wa Dunda. Kayaleta haya Mwalimu Biubwa na darasa lake la kuwafundisha kusoma. Tangu wajue kusoma mizani yangu, sina raha. Nimerudi na baiskeli tupu. Na Adija, mke wangu wa ndoa, yumo! Wakiuza wenyewe, mimi dalali nile nini? Mchanga?

Jumanne, 8 Juni

Akili ni mali! Makumbi yao ya nazi yamefukiwa kwenye tope la pwani yaoze, kila shimo na kijiti chenye kitambaa cha mwenyewe. Leo maji yalipokupwa nimevihamisha vijiti vyote. Keshokutwa wanafukua. Mwaija mwenzao atachukua ya Sihaba, Sihaba ya Adija. Nawajua! Kwa kumbi moja hununiana mwaka mzima. Chama kwisha.

Alhamisi, 10 Juni

Lahaula! Nilijificha mikokoni nione ugomvi, mbu wananila. Ugomvi wapi! Mwaija kang'oa vijiti, kavitupa. Kasema makumbi sasa ni ya chama, vijiti vya nini tena? Wakafukua pamoja, wanacheka. Kwa hasira nikarudi nyuma, chubwi! Nimezama shimoni hadi kifuani. Maji ya makumbi yaliyooza! Wakanivuta kwa kamba yao, wanaimba. Adija akauliza nilikuwa natafuta nini kule. Nikasema kuni. Akaniambia basi niokote vile vijiti nipeleke nyumbani.

Ijumaa, 11 Juni

Nimejisugua ndimu hadi ngozi inawasha. Hata hivyo msikitini Mzee Pazi kauliza kama kuna panya kafa. Adija kanitandikia mkeka uani.

Jumapili, 13 Juni

Kamba zimeuzwa zote. Tajiri aliuliza kama ni imara, Sihaba akamsimulia zilivyonitoa topeni na kitambi changu. Sasa Dunda nzima wanaulizia kamba ya Mwinjuma! Adija kasema chama kinatafuta mtu wa baiskeli wa kupeleka mizigo, kwa ujira, na kanitaja mimi. Mimi? Niwe hamali wa mke wangu? Thubutu! Nimekaa nikafikiri. Jina ni la nani? Langu! Kesho asubuhi nakwenda kudai haki yangu. Wakikataa, naliondoa jina langu kwenye kamba zao, tuone watauza nini!